Msiba Uliokuja kwa Simu

Ukipita leo shambani kwa Ildefonsi, huku kwetu Mbinga, ukamuuliza tu kwa jirani yake Augustino ni nyumba ipi, atasimamisha jembe akutazame. Atakuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, na je, Augustino anajua kwamba unakuja. Watu wanamcheka, wanasema mzee amezeeka vibaya. Mimi simcheki, kwa sababu gari lililompeleka Chiwanda nililiendesha mimi.

Naitwa Bernadi, dereva wa shirika moja dogo la kuchimba visima vijijini. Ildefonsi alikuwa mtunza masijala wetu. Mafaili ya watumishi wote yalikaa chumbani kwake: barua za ajira, za onyo, za uhamisho. Tulimwita Kufuli. Ungeweza kumbembeleza kuanzia chai ya asubuhi hadi ofisi inafungwa, akubali hata kukuonyesha faili lako mwenyewe bila kibali? Thubutu. Walipokuja wataalamu kutoka Songea kutufundisha usalama wa taarifa kazini, sisi wengine tulisinzia, yeye alikaa mbele akiandika. Usimpe mtu paswedi yako, usifungue ujumbe wa usiyemjua, usiache kompyuta wazi ukienda kula. Yule mtaalamu akamsimamisha tumpigie makofi. Mimi nikamtania kwamba hata mkewe anaomba kibali ndipo aambiwe mzee ameshiba au bado. Akacheka, na alijivuna kidogo, siwezi kukataa.

Sasa, kulikuwa na binti mmoja, Jacqueline, aliyesimamia kamati za maji za vijiji. Ameolewa na Nicholaus, mwanamume mwenye sura ya upole na mkono wa chuma. Yule binti alikuja kazini na miwani nyeusi mara nyingi mpaka tukaacha kuuliza. Mwisho alikimbia na nguo alizovaa. Bosi akamhamishia kituo chetu cha Lundo, kule ziwani, kimyakimya. Jacqueline akabadilisha laini ya simu. Hata baba yake mzazi, Mzee Raimundi wa Mkumbi, hakuambiwa alipo, ili asije akabanwa akasema. Ofisini waliojua ni bosi, katibu muhtasi wake Devotha, na Kufuli.

Basi, Ijumaa moja simu ya ofisi ikalia, akapokea Ildefonsi. Sauti ya kijana, inakatika kwa kilio. Shikamoo baba. Mimi Justin, kaka yake Jacqueline, mtoto wa baba mkubwa. Mzee Raimundi ametutoka alfajiri. Hatutaki dada aambiwe kwa simu, baba, unajua mambo haya. Tumeshapata akina mama wa kumfuata, ila hatujui kituo.

Huku kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu, tena akiwa peke yake. Anatafutwa kwanza bosi au jirani. Mwenyewe anaambiwa tu mzazi anaumwa kidogo, twende nyumbani, na akina mama wanakaa naye kulia na kushoto. Neno lenyewe linatoka pale tu penye mikono ya kumshika. Ukilitupa hovyo mtu akaanguka, lawama utakufa nayo.

Na nani anasingizia kifo? Watu wanadanganya kuhusu mahari, kuhusu mipaka ya mashamba, hata kuhusu umri wao mbele ya padri. Lakini kumwua mzee wa watu kwa mdomo, akiwa hai, tulijua ni kujitakia laana. Ildefonsi mwenyewe alikuwa akimfahamu Mzee Raimundi, wakikutana kwenye sherehe za parokia. Machozi yakamtoka. Akasema: yuko Lundo, nyumba ya kituo, karibu na kisima kipya. Akampa na pole.

Kesho yake Jumamosi akanunua sukari, akaenda Mkumbi msibani. Hakukuta turubai, hakukuta watu. Alimkuta Mzee Raimundi kibarazani anapukuchua mahindi, mzima kabisa, anamkaribisha kwa mikono miwili. Ildefonsi akakaa. Alipoulizwa habari, akasema alikuwa anapita tu. Akampa marehemu sukari yake. Mzee akamshukuru sana, kisha akamwambia, "Najua mnanitunzia mwanangu. Sitaki kujua alipo. Nikijua nyie mnajua, nalala."

Haya yote alikuja kunisimulia baadaye. Wakati ule hakuna aliyejua kitu.

Jumapili, watu wakitoka misani, Nicholaus alifika Lundo. Jacqueline alikuwa anaosha vyombo uani. Alimvunja mkono na angemmaliza, kama si akina mama waliokuwa wanaanika dagaa mchangani. Waliacha dagaa wakaja na makasia. Jamaa alikamatwa, akatoka kwa dhamana, akapotea. Jacqueline akafungwa plasta, akahamishiwa Chiwanda, mbali zaidi, karibu na mpaka wa Msumbiji.

Ofisini kukawaka moto. Taarifa imevujaje? Wataalamu wakarudi kutoka Songea, wakakagua mashine. Wakainua kibodi ya Devotha, wakakuta kikaratasi cha paswedi kimebandikwa chini yake. Yakaishia hapo. Devotha alilia, akaapa kwa jina la mama yake, hakuna aliyemsikiliza. Akaondolewa ofisini, akapelekwa stoo kuhesabu mabomba. Sisi nasi, Mungu atusamehe, tukaacha kunywa naye chai. Mimi pia.

Bosi alituita mmoja mmoja kutuhoji. Alipofika kwa Ildefonsi akamwambia, "Mzee, wewe hata sikuulizi." Wakabadilisha paswedi zote, wakaweka mlango wa chuma masijala, na ufunguo wakampa yeye.

Toka siku ile alianza kukonda. Chai haimalizi. Nikimwita Kufuli ananijibu kwa kuguna. Nikadhani ni sukari imempanda, nikamwambia aende akapime. Kumbe mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo kilikuwa njiani kweli.

Kahawa ilipoanza kuiva, akaja ofisini mama mmoja, Kunigunda, kavaa kanga kichwani, amefunga nyingine kiunoni. Ni dada yake Mzee Raimundi. Akasema kaka yake amefariki, wanamtaka mtoto wao.

Ildefonsi alikuwa dirishani. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Akamwambia, "Shangazi, alipo siwezi kusema." Yule mama hakuamini masikio yake. Akamwuliza yeye ni mtu wa namna gani, anayewanyima wafiwa mtoto wao. Akamsema kwa Kimatengo maneno ambayo sitayaandika. Alipomaliza, Ildefonsi akasema, "Twende wote Mkumbi nimwone mzee. Halafu binti nitamfuata mimi mwenyewe."

Tulikwenda. Aliingia ndani akamshika marehemu mkono, akakaa naye muda mrefu. Tukarudi Mbinga, akanyoosha moja kwa moja kwa bosi, akafunga mlango. Alipotoka uso ulikuwa wa majivu. Akapita stoo kwa Devotha. Sijui alimwambia nini. Devotha alitoka mbio akaenda kukaa nyuma ya jengo, akalia kwa sauti, na hadi leo hajamsemesha yule mzee.

Tukateremka ziwani, zile kona zote mpaka Mbamba Bay, kisha tukashika njia ya kusini. Ndani ya gari ndipo akanieleza. Nilikasirika, aisee, nikamwambia wazi kwamba sisi tumemtesa Devotha bure na yeye anatuangalia. Nikamwambia tena kwamba simu ile ingemdanganya yeyote, hata mimi ningesema. Akatikisa kichwa.

"Bernadi, simu siyo dhambi yangu," akasema. "Jumamosi jioni nilishajua. Namba yake mpya ilikuwa kwenye faili, ufunguo wa masijala ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipita mbele ya ofisi nikaenda nyumbani. Nilisema kesho, maana nikimpigia itabidi nimwambie ni mimi."

Nikaendesha.

Chiwanda tulifika jua limeshuka kidogo. Alikuwa ameniagiza tupite kwanza kwa majirani tuchukue akina mama wawili watatu, kama ilivyo desturi, lakini wote walikuwa wameshuka ziwani kununua samaki. Jacqueline alishasikia gari. Akafungua mlango nusu. Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri mpaka leo. Alipotuona alifurahi, akasema shikamoo baba, akataka kutukaribisha.

Ildefonsi alijaribu kusema baba yake anaumwa kidogo, twende nyumbani. Yule binti akamtazama. Huku kwetu kila mtu anajua maana ya maneno hayo.

"Nani kasema?" akauliza. "Wamekupigia simu?"

"Hapana. Nimekwenda mwenyewe. Nimemshika mkono." Halafu akashindwa kujizuia, pengine kwa kuwa alikuwa amelibeba jambo lile mno. "Mwanangu, kule Lundo ni mimi niliyesema ulipo. Waliniambia baba yako amekufa."

Niliona uso wake ukibadilika. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango, na tukasikia komeo likiingia.

Tukasimama pale. Ndani akapiga simu, nadhani kwa shangazi yake, kwa sababu alisema shangazi mara mbili. Alikuwa amejinyima sauti ya ndugu zake muda wote ule, na hiyo ndiyo simu ya kwanza aliyowapigia. Akanyamaza anasikiliza. Kisha tukasikia kitu kizito kinaanguka sakafuni, na kilio.

Ildefonsi aliugonga mlango. Akamwita mwanangu, mwanangu, fungua nikushike. Tulikuwa tumetoka Mbinga kwa ajili hiyo tu, asilie peke yake. Nilikimbia ziwani kuita akina mama, wakaja na ndoo zao kichwani, wakamwita kwa jina, naye akawafungulia wao.

Alipotoka wamemshika huku na huku, Ildefonsi alikuwa bado pale mlangoni. Walimwomba apishe, akapisha.