Mtu Aliyeikimbia Nyumba Yake

Kosa letu kubwa, mwanangu, ni hili: mtu akirudi kutoka nchi za watu tunamuuliza ameleta nini, wala hatumuulizi amepatwa na nini. Kwa kosa hilo watu wamepotea, nami nilikaribia kuwa mmoja wao.

Nakumbuka alasiri moja kijijini kwetu Suma, miaka ile soko huria liliporuhusiwa, mitumba ikajaa Tukuyu mjini, na sisi vijana tukaanza kuionea aibu migomba ya baba zetu. Kesho yake alfajiri nilikuwa niondoke. Dereva wa lori alikubali kunivusha mpaka wa Kasumulu, na kutoka huko ningeteremka nchi kwa nchi hadi Afrika Kusini, ambayo tuliiita Sauzi kwa sauti ya mtu anayeitaja pepo. Nikaenda kumuaga kaka yangu Asajile, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa amerudi kutoka huko miezi michache kabla.

Asajile alirudi na jaketi la ngozi, redio ya kaseti, na fedha ya kuezeka nyumba yake kwa bati. Kila jioni tulimzunguka. "Kaka, ukipita na jaketi hilo hata ukungu unakupisha njia! Hebu tuambie, Sauzi kukoje?" Naye alijibu, "Sauzi ni Sauzi, bwana," tukacheka kana kwamba ametueleza yote. Jambo moja tu lilitushangaza: mvua ilipoanza kupiga bati, wakati watu wote wanakimbilia ndani, yeye alitoka nje na kujitosa migombani. "Anapima kama ngozi inavuja!" tulitania, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Alasiri ile nilimkuta ameketi, mkewe akimenya ndizi. Nilipomwambia kwamba naondoka, alisema tu, "Safari njema, mdogo wangu." Mara mvua ikashuka. Akainuka kama aliyechomwa, akatoka. Nikacheka.

"Unacheka nini, shemeji?" mkewe aliniuliza. Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake.

"Namcheka kaka na jaketi lake."

"Mfuate."

"Nilowe bure?"

"Mfuate, nakwambia! Amenikataza nisimwambie mtu, na leo akinifukuza nitarudi kwetu. Lakini lori hilo hulipandi kabla hujamwona."

Nilimkuta amechuchumaa katikati ya migomba, mikono kichwani, meno yakigongana. Nilipomgusa bega alijikunyata.

"Wameondoka?" alininong'oneza.

"Nani, kaka?"

Ndipo akanisimulia kwamba huko Sauzi yeye na wenzake wanne walilala katika kibanda cha bati, pembezoni mwa mji ambao mpaka leo hajautaja jina. Wenye marungu walipokuja kuwasaka wageni, hawakubisha hodi. Walivurumisha mawe juu ya bati, mengi kwa pamoja, mpaka waliomo ndani watoke wenyewe. Ipyana, kijana wa kijiji cha Nkunga, alitoka wa kwanza. "Nilimsikia akiniita kwa Kinyakyusa," kaka alisema, "nami nikanyamaza chini ya kitanda. Kulipopambazuka hakuwa akipumua."

Hapo nikakumbuka. Juma lililotangulia wazazi wa Ipyana walikuwa wamekuja kuuliza habari za mwana wao, na mbele yangu Asajile aliwajibu kwamba yu mzima, anawasalimu. Mama yule aliondoka akitabasamu. Mimi nami, walipokwisha kutoka, niliuliza bei ya viatu vya huko.

"Kwa nini hukusema, kaka?"

"Niseme, nani asikie? Nilianza mara mbili. Mkaniambia niweke kaseti."

Alfajiri lori lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaenda zake. Sikutoka. Kulipokucha tulikwenda Nkunga kwa wazazi wa Ipyana, mimi, kaka na mkewe. Shemeji ndiye aliyetangulia kuingia uani. Kilio kilichoinuka walipoambiwa kweli bado nakisikia. Watu wa kwetu tunajua kulia kaburini, lakini kaburi halikuwepo. Baba wa marehemu aliuliza neno moja tu: nani alimfumba macho mwanangu? Asajile aliinama.

Sikukatazi kusafiri, mwanangu. Wapo waliokwenda wakarudi salama, na nyumba zao zina amani. Lakini ninyi wa leo mnaonyeshwa majumba na magari katika simu, na kila nionapo kijana akizitazama picha hizo huku macho yamemtoka, naogopa kuliko nilivyoogopa migombani. Kabla hujafunga begi, mtafute aliyerudi, ukae naye faraghani, umuulize alilala wapi, nani alimuuguza, na ni sauti gani inayomshtua. Akinyamaza, usiondoke, subiri. Nawe ukifika huko, usiwapambie walio nyumbani maisha usiyoishi, maana mdogo wako anaipima safari yake kwa maneno yako.

Mungu akutangulie uendako, akupe jirani atakayeitika ukiita, akurudishe kwa wazazi wako kwa miguu yako mwenyewe. Na katika ukoo wako asikose kuweka mtu atakayethubutu kukwambia kweli hata kama itamgharimu ndoa yake, kama alivyoniwekea mimi shemeji yangu, Tusekile.