Kiraka cha Pazia

Kwenye karakana ya boti kila mtu alimwita Msasa, na jina hilo halikutokana na kazi yake tu. Mwanamke yule alikuwa na ulimi. Mletee brashi isiyooshwa, utarudi nayo ulikoitoa pamoja na maneno ya kukutosha wiki nzima. Lakini hapakuwa na fundi aliyemfikia kwa kukwangua na kupaka upya sehemu ya chini ya boti za faiba, kwa hiyo walimvumilia.

Miaka mitatu nyuma mumewe alifariki kwa ugonjwa wa ini. Nguo za marehemu hazijatoka hata kabatini, mdogo wa mumewe akaja kuazima boti yao. Alirudi kwa miguu, suruali imelowa hadi kiunoni, analia. Boti imegonga mwamba, imezama! Msasa akampa taulo, akamchemshia maji ya kuoga. Alipouliza ni mwamba gani huo, mama mkwe akamkata kauli:

"Unataka boti, au unataka mwanangu?"

Msasa akarudi jikoni kutazama maji, wala hakuuliza tena. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, Jumatatu moja daktari wa meno akaleta boti aliyoinunua kwa mtu. Paa lake lilikuwa limekatwa, ubavuni imepakwa nyeupe ya kung'aa, lakini chini rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande.

"Toa yote mpaka ufikie faiba," daktari akasema. "Anza upya."

Msasa akavaa miwani na barakoa, akaweka ndoo ya maji kando ili vumbi la rangi lisiruke, maana rangi ya chini ina sumu ya kuzuia ukoga na makombe. Akalala chali, akaanza. Nyekundu ikatoka. Chini yake nyeusi. Chini ya nyeusi, kijani.

Mkono ukasita. Kijani kile kilifanana mno na alichowahi kukichanganya mwenyewe. Akajiambia, kijani ni kijani tu, mama, fanya kazi. Akasogea nyuma, karibu na mahali pa injini, akakwangua polepole. Maua yakatokea.

Yalikuwa maua madogo ya zambarau, yameganda ndani ya gundi. Mwaka boti yao ilipotoboka, kitambaa cha faiba kilimwishia kazi ikiwa nusu, akakata pazia la chumbani akaliloweka kwenye gundi, akaziba. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzetu wana boti," alisema, "sisi tuna chumba cha kulala."

Msasa hakupiga kelele. Alinawa mikono, akamwuliza daktari nani aliyemuuzia. Alipotajiwa jina, alitikisa kichwa tu, kisha akamsimulia yote na kumwomba afunge mdomo mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi shemeji yake alifika na shati la pasi. Alikuwa ameambiwa karakana inatafuta nahodha mzoefu. Alimkuta mama yake amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, na kando yake kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Daktari alikuwa amejibanza ofisini.

"Bosi kaniachia mimi nikuhoji," Msasa akasema. "Hebu tueleze siku ile ulivyojiokoa."

Shemeji hakujivunga. Mwamba safari hii ulikuwa mkubwa zaidi, mawimbi yameongezeka, na yeye alikuwa amepiga mbizi mara tatu kuitafuta injini.

"Mara tatu?"

"Mara tatu, shemeji, haki ya Mungu."

"Na boti uliiona ikienda chini?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

Msasa akavuta turubai. Kisha akatoa kwenye mfuko nusu ya pili ya pazia iliyokuwa bado dirishani kwake, akaishikilia kando ya kiraka. Mama mkwe akainuka. Akapitisha kidole juu ya maua, akarudia kwenye kitambaa. Pazia lile alilishona yeye, akampa mwanawe na Msasa walipooana.

Mlango wa ofisi ukafunguka. "Habari za siku, bwana," daktari akasema. "Bado inaelea, kama unavyoona."

"Mama, unajua hali ilikuwa..."

"Nyamaza!" Mama yake hakulia. "Nilimziba mdomo mke wa kaka yako kwa ajili yako wewe."

Daktari alitaka polisi. Msasa akasema polisi hawahami, wataitwa akikataa. Yeye alitaka boti yake irudi, na shemeji ampe daktari boti yake mpya, aliyoinunua baadaye na kutamba nayo. Shemeji akakubali huku jasho linamtoka. Ndipo Msasa akamtupia kikwanguo miguuni.

"Nusu imebaki. Lala chini."

Alikwangua siku nne, maji mekundu yakimchuruzika hadi kwapani. Barakoa Msasa alimpa, si kwa huruma, ila alitaka afike mwisho. Mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika fimbo ya kuonyeshea. "Hapo umeruka. Rudia." Sehemu nyingine zilikuwa safi kabisa, na alijua. Alisema rudia vilevile, na kila aliposema alijisikia vizuri. Mafundi walipita makusudi: "Vipi nahodha, mwamba umeuona?"

Siku ya nne mama mkwe akaja. "Mwanangu, haijatosha?"

"Ya kutosha nitasema mimi, mama."

Mama mkwe akatazama miguu ya mwanawe iliyochomoza chini ya boti, akavuta kiti, akakaa kando ya Msasa.

Kupaka alipaka Msasa peke yake, rangi mpya mara mbili. Shemeji aliponyoosha mkono kuchukua brashi, alimpiga jicho, mkono ukarudi mfukoni. Hadi leo wakikutana barabarani, shemeji ndiye anayesalimia kwanza. Msasa huitikia, maana hakulelewa vibaya. Lakini hasimami.