Alama Chini ya Ukingo wa Sufuria

Shule niliishia darasa la nne, huko Tanga, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Ndiyo maana akina mama wa Kitanzania hapa Hillbrow walinikabidhi vyombo vya shughuli, tukiwa ugenini huku Afrika Kusini. Kukiwa na arusi au hitima, sufuria kubwa zinaazimwa nyumba hii na nyumba ile, na mimi ndiye ninayejua ipi ya nani. Majina ya wenyewe ninayo yote. Hapa siyaandiki, wasije wakanigombeza. Kila sufuria naitia tone la rangi ya kucha chini ya ukingo: nyekundu ya jirani wa ghorofa ya sita, zambarau ya fundi cherehani wa Doornfontein. Mjukuu wangu alikua akinisaidia kuzirudisha, ngazi kwa ngazi, maana lifti yetu ni pambo tu.

Siku hizi yeye ni mtu wa kompyuta. Kampuni ilimchukua kwa majaribio, na programu yao ya zahanati ikawa inazimika kila nesi akiingiza neno la siri. Mkubwa wake akasema kosa ni la binti huyu, kwa kuwa ndiye aliyeigusa mwisho. Asipolipata kufikia Ijumaa, Jumatatu asirudi.

Mjukuu wangu akahamia na kompyuta yake kwenye meza yangu ya kulia chakula.

“Izime uiwashe, kama tivii,” nikamwambia.

“Eish, bibi, na wewe! Ndivyo wanavyosema ofisini. Ikiwaka, kosa bado limo.”

“Au neno la siri halikubaliwi?”

“Linakubaliwa. Mtu anafunguliwa mlango, anaingia vizuri, halafu nyumba inamwangukia.”

Chai ikapoa, nikampa nyingine, nayo ikapoa. Wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kulikwepa hilo kosa. Yeye alitaka kuona kinachovunjika. Nilimtazama vile alivyotulia nikamsifu kimoyomoyo. Mimi ningeshaipiga kofi ile mashine.

Alhamisi, nikitoka kuswali alasiri, nikamkuta anacheka peke yake.

“Bibi, njoo uone sufuria zako.”

Akanieleza. Ile programu, ili ipokee neno la siri, huazima nafasi kwenye mojawapo ya maghala ya kumbukumbu ya kompyuta, ikimaliza huirudisha ghala lile lile. Basi yeye kila nafasi iliyoazimwa ameitia alama: imetoka ghala gani, imerudi wapi.

“Hii hapa imetoka ghala hili, ikarudishwa ghala lile. Lile haliitambui, linavurugika, kila kitu kinazimika.”

“Kumbe ya ghorofa ya sita imepelekwa kwa fundi cherehani!”

“Sharp, bibi! Hapo hapo!”

“Kosa la nani sasa?”

“La walioandika kile kipande cha programu cha kukagua neno la siri. Tulikichukua kwao kikiwa tayari. Lakini nimeshakirekebisha, na wao nimewapelekea.”

Ijumaa mkubwa wake akapiga simu. Sikuelewa Kiingereza chote, ila “Monday” niliisikia: Jumatatu anarudi kazini.

Mjukuu wangu akafunga kompyuta yake. “Sufuria za arusi ya juzi, imebaki yoyote ya kurudisha?”

Ilibaki ile ya ghorofa ya sita. Akaibeba yeye, mimi nyuma nikishika ukuta. Sufuria yenyewe anaijua tangu utotoni. Hata hivyo, kabla ya kubisha hodi, aliiinamisha akatazama chini ya ukingo.