Kukanyaga Mara Mbili

Watu wanadhani mwamuzi wa mieleka ni mtu anayetazama nani kashinda. Mimi nilimjua mshindi kabla sijanywa chai. Mieleka yetu, ile ambayo Bunia nzima inaiita catch, ilikuwa inaamuliwa Jumapili asubuhi kwenye kibaraza cha mwandalizi wa mapambano yetu, mzee mwenye tumbo na sauti ya kuuza mbuzi, ambaye tulimwita Prezida ingawa hakuwa na nchi. Alichana kipande cha daftari, akaandika nani atapigana na nani, na mbele ya mmoja akachora msalaba mdogo. Huyo ndiye mshindi. Nguvu hazikuhusika. Kanuni yake ilikuwa moja: mgeni anashinda mara ya kwanza, ili wenyeji warudi wiki inayofuata na hasira zao kutazama kisasi. Mwenyeji anashinda ya pili. Ya tatu inategemea mvua.

Kazi yangu, mimi mwamuzi, arbitre wao, ilikuwa kuufikisha ule msalaba mwisho bila mtu kuuona. Siku za kazi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, kwa hiyo filimbi na kukunja uso nilikwisha kuvizoea. Siri yangu ilikuwa mguuni na mkononi. Mchezaji akiwa amelala chini, nikimkanyaga vidole mara moja, maana yake baki hapo hapo. Nikimkanyaga mara mbili: inuka, nimekwisha kupanga. Na ninapouinua mkono wa mshindi juu, ninamminya kifundo. Mara moja, mwenzako anakuja kukupiga kutoka nyuma. Mara mbili, shuka ulingoni na usigeuke.

Alama hizo hazikuwa na mjadala. Mtu amelala chini, vumbi limejaa machoni, watu wanapiga makelele, hawezi kuona kitu. Anayeona ni mwamuzi. Mchezaji aliyetaka kwanza kuelezwa nilimwambia aende akacheze mpira.

Vita ilikuwa imeingia Bunia, ikatoka, ikaingia tena. Kila kundi lililoushika mji lilipenda kuonyesha kwamba maisha yanaendelea. Ndiyo maana tulipoomba ruhusa ya kucheza mtaa wa Nyakasanza tulipewa upesi mno, na mimi nilipaswa kuogopa pale pale.

Mgeni wetu alikuwa nyota wa Mambasa, kule msituni. Alifika juu ya lori la mbao, barabara ikafungwa nyuma yake, akakwama kwangu mtaa wa Rwambuzi mwezi mzima. Ulingoni alikuwa na sura ya kutisha watoto; nyumbani alikuwa anampasulia mdogo wangu kuni. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, naye na mumewe walikuwa wamekimbia kwao wakaja kukaa kwangu. Huyo mume wake, shemeji yangu, fundi wa baiskeli, ndiye aliyekuwa mchezaji wa mtaa wetu. Kwa hiyo wale waliotakiwa kuchinjana Jumapili walikuwa wanakula sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja, na mdogo wangu alimsukumia mgeni kipande kikubwa cha samaki, akisema mtu wa msituni hashibi.

Kama wachezaji wote wa kwetu, walipigana kwa dawa. Mgeni alipuliza poda nyeupe na adui akakauka kama mti. Poda ilikuwa unga wa muhogo. Shemeji aling'oa matumbo ya adui mbele ya watu, na matumbo yalikuwa ya mbuzi, yamefichwa ndani ya shati tangu asubuhi. Watu wazima walijua na hawakujua, na wote walifurahi.

Jumamosi tulizunguka mji juu ya pikapu, ngoma mbele, na Prezida na kipaza sauti chake akisema yale aliyoyasema miaka yote.

"Hawa wanaume risasi haiwaingie! Risasi ikiwafikia inageuka maji! Kuyeni muone!"

Kabla ya vita watu walicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuyabadilisha maneno hayo. Mimi, ninayesahihisha madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu, nilikaa juu ya gari lile, nikayasikia mara hamsini, na sikuona kosa. Mpaka leo jambo hilo linanikera.

Jumapili saa nane mchana watu walikuwa wamejaa, wachezaji wamekwisha kuvaa. Nyuma ya pazia tulikovalia akaingia kamanda aliyekuwa anaushika upande ule wa mji. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri. Shingoni alikuwa na hirizi tatu za ngozi, na nyuma yake askari walikuwa wanajipanga mmoja mmoja mlangoni mwa ua tulipochezea.

"Kati ya hawa wawili," aliuliza, "dawa ya nani iko na nguvu?"

"Afande, yote mbili iko na nguvu," Prezida akajibu.

"Basi ring itaonyesha. Mwenye atashinda leo, tutaenda naye. Kesho tuko na kazi. Yeye atatembea mbele yetu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza soda, akatoka akakaa kiti cha mbele.

Kutembea mbele kulikuwa na maana moja tu, na kila mmoja wetu aliielewa: mtu mwenye unga wa muhogo mfukoni atatangulia kwenye risasi.

"Tumuambie ukweli," shemeji alisema. "Tumuambie ni mchezo."

"Ukimuambia dawa yako ni unga ya muhogo," Prezida alisema, na sauti yake ya mnadani ilikuwa imekwisha, "atauliza ya kwake ni unga ya nini. Na wale wote wenye kuvaa hirizi watasikia. Tutakufia hapa hapa."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Msalaba wa asubuhi alikuwa ameuweka kwa mgeni, kama kawaida. Mgeni alikitazama kile kikaratasi, kisha akanitazama mimi.

"Arbitre, weye utaona ya kufanya."

"Nitaona," nilimwambia.

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema kila wiki.

Sijawahi kuona pambano kama lile. Kila mmoja alikuwa anatafuta kushindwa. Mgeni alipuliza poda, na badala ya shemeji kukauka, mgeni mwenyewe alijishika koo akaanguka, kama upepo umemrudishia dawa yake. Shemeji akakataa ushindi huo: akajikwaa kwenye kamba na kujibwaga kichwa chini. Mgeni akamgusa begani kwa vidole viwili. Shemeji akaruka, akagaagaa, akalia. Watu walicheka sana mwanzoni. Halafu kicheko kikapungua upande wa mbele, kikapungua na nyuma, maana watu wa Bunia wakati ule walikuwa wepesi kunusa hatari. Kamanda hakucheka hata mara moja. Bunduki ilikuwa magotini.

Mimi nilikuwa naruka huku na huku na filimbi yangu, jasho linanitoka, nikitafuta mlango. Niliwaza kuwafukuza wote wawili kwa kuvunja sheria. Nadhani kamanda aliisoma akili yangu, maana aliniita kwa kidole. Nikainama juu ya kamba.

"Arbitre. Nul hakuna, hakuna kutoka sawa. Wakishindwa wote, naenda na wote wawili."

Niliporudi katikati, walikuwa wamegongana vichwa kwa makusudi na kuanguka. Walilala chali, bega kwa bega, juu ya turubai letu lililojazwa maganda ya kahawa. Macho yamefumbwa. Hakuna aliyetikisa hata kidole. Sheria ni kwamba mwamuzi anahesabu mpaka kumi, na anayeinuka kwanza ndiye mshindi.

Hawakuwa wamesikia alichosema kamanda. Mimi peke yangu nilisikia.

Nilianza kuhesabu, kwa Kifaransa kama kawaida. Un. Deux. Nilikuwa napiga turubai kwa kiganja na kila pigo lilinirudia kifuani. Trois. Quatre. Nikiacha ifike kumi, ninawapoteza wote wawili. Nikimwinua mmoja, ninampoteza mmoja. Cinq. Nilihesabu polepole mpaka mtu wa nyuma akazomea. Nilinyanyua macho nikamwona mdogo wangu kwenye benchi la pili, mikono miwili juu ya tumbo. Six. Sept.

Ningependa kuandika kwamba mguu wangu ulikwenda wenyewe. Haukwenda wenyewe. Nilisimama, nikazunguka upande wa mgeni, na niliposema huit nikamkanyaga vidole mara mbili.

Akainuka papo hapo. Hakufikiri hata nusu ya sekunde. Nilimfundisha mimi mwenyewe asifikiri. Inuka, nimekwisha kupanga. Alisimama wima, mkubwa, poda nyeupe kwenye ndevu, na nikauchukua mkono wake nikauinua juu. Makelele yakalipuka. Kifundo chake kilikuwa kinene na kimelowa, na nilisikia mshipa wake ukipiga chini ya vidole vyangu. Aliniinamishia kichwa kidogo, kama walivyozoea kufanya wote. Alikuwa anangoja nimminye.

Sikuwa na kitu cha kumwambia. Niliushika tu ule mkono, kisha nikauachia.

Askari walimtoa pale pale, akiwa bado na kitambaa chake chekundu mabegani. Mlangoni aligeuka mara moja. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amalizie sentensi ya imla. Shemeji alikuwa amekaa chini ulingoni, na nilipomtazama alikuwa anautazama mguu wangu. Nilipokuwa nahesabu alikuwa amefumbua jicho. Hajawahi kunishukuru, na ninamheshimu kwa hilo.

Mdogo wangu alijifungua salama mwezi uliofuata. Mimi sikupuliza tena filimbi isipokuwa ya shule. Nilijiambia kila asubuhi kwamba nilimwokoa mmoja, na hesabu hiyo ni sahihi, hata leo ningeipa alama zote. Tatizo ni kwamba sikurusha shilingi. Nilichagua, na yule niliyemchagua aliniamini.

Zaidi ya mwaka ulipita. Siku moja soko la Nyakasanza, niko nachagua maharage, mtu akasimama upande wangu akanisalimu. Nilimjua kwa sauti. Kifua kilikuwa kimekwisha, mkono wa kushoto umekauka na kukunjika. Maneno nilikuwa nimeyatayarisha siku nyingi, nikayatoa yote kwa pumzi moja: kwamba kamanda alisema angewachukua wote wawili, kwamba hakukuwa na njia, kwamba mdogo wangu alikuwa na mimba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo nilielewa," alisema. "Mi si mutoto. Na miye ningefanya vile vile."

Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri zaidi.

"Ila ile ya mukono," akaendelea, akicheka kidogo. "Nilingojea. Tulitembea mpaka kwenye daraja, wananisukuma mbele, na bado najiambia: arbitre iko na plan, atakuya kuniminya. Risasi ya kwanza ilipiga, bado nangojea."

Akauliza mdogo wangu alipata mtoto gani. Nikamwambia msichana. Alifurahi kweli, akasema nimsalimie, na kwamba mtu wa msituni bado hajashiba. Alikuwa anatafuta lori la kumrudisha Mambasa. Barabara ilikuwa imefunguka kidogo na hakuna aliyejua kwa siku ngapi. Akanipa mkono wa kuagana, ule uliobaki mzima.

Nilikishika kifundo. Kilikuwa chembamba sasa, vidole vyangu vilizunguka vikakutana. Nikamminya mara mbili.

Aliniinamishia kichwa kidogo, kama zamani. Kisha akaniachia, akashuka njia ya soko kuelekea kwenye malori, na hakugeuka.