Jinsi Mtani wa Mtandaoni Alivyotuletea Mnara

Nimesoma darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye ghala la korosho Nanyamba. Mwenye ghala alinipa bati lililotobolewa herufi pamoja na kopo la wino mweusi, nipige chapa kila gunia kabla halijapakiwa kwenye lori. Ndiyo maana herufi ninazoziandika mimi ni zile kubwa. Ndogo nazisoma, ila kuziandika sijaona haja. Kutoka kwenye magunia nikapata mashine ya kupulizia salfa, nikapulizia mikorosho ya watu kuanzia Nanyamba mpaka Kitaya. Mashine ikazaa mashine ya pili, na hizo mbili ndizo zilizojenga nyumba yangu ya Chuno, Mtwara mjini. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, duka la intaneti lilifunguliwa mtaani kwetu. Wazee wenzangu walisema ni mambo ya watoto. Mimi niliingia kwa sababu nyumba ilikuwa na feni. Mama mwenye duka, mpole lakini hana mchezo, alinionyesha baraza moja la Kiswahili humo ndani ya kompyuta, ambako watu wasiojuana walikuwa wanabishana kutwa: kama dunia inazunguka au imetulia, kama mwezi wa Ramadhani utazamwe kwa macho au kwa hesabu, kama kompyuta ni neema au ni fitina, nani alinde mpaka upi. Nikasoma kidogo, nikaona wengi wao wanasema ovyo. Nikamwambia yule mama, "Nifungulie mlango na mimi niingie."

Niliandika kwa kidole kimoja na kwa herufi kubwa tupu. Wakanijia juu kwamba kuandika hivyo ni kupiga kelele. Nikawajibu kwamba ni kweli, napiga kelele, kwani Chuno ni mbali. Basi wakanizoea.

Mwanzoni nilikuwa nabishana kwa raha tu. Kisha likaja jambo.

Dada yangu mkubwa anaishi Kitaya, kijiji chetu kando ya Ruvuma. Binti yake alipata uchungu wa mimba ya kwanza, na mambo yakaenda kombo. Gari la hospitali lilikuwepo mjini, limesimama, lakini wa kuliita hakuwepo, maana Kitaya simu haikuwa inashika. Kulikuwa na kichuguu kimoja nyuma ya mashamba, ukikipanda na kunyoosha mkono unapata mtandao wa Msumbiji. Mpwa wangu alipona. Mtoto hakupona. Mwaka uliofuata binti yule akawa mjamzito tena, na dada yangu akaacha kulala.

Mwezi uleule wakaja watu wa kampuni ya simu na vipimo vyao. Walitaka kusimamisha mnara Kitaya, na mahali walipopataka ni pale kwenye mwinuko, kwenye mikorosho ya ukoo wetu. Kwa sisi Wamakonde wa kule ardhi ya ukoo iko mkononi mwa mjomba, ndugu wa mama. Mjomba wangu, mzee wa siku nyingi na imamu mstaafu wa msikiti wa kijiji, akakataa. Alikuwa na sababu tatu. Mionzi ya mnara itakausha maua ya mikorosho. Mnara utasimama juu kuliko msikiti. Na hiyo ya tatu aliisema kwa sauti ya chini: chuma kirefu kinaita ndege. Mjomba aliziona kwa macho yake ndege za Wareno zikitupa mabomu upande huu wa mto wakati wa vita vya ng'ambo. Tangu hapo hapendi kitu chochote kinachong'aa angani.

Sasa sikiliza mkosi wangu. Kwetu mpwa hamkosoi mjomba. Anaweza kunyamaza, anaweza kuhama, lakini kumwambia mjomba mbele ya watu kwamba amekosea, hapana. Mimi niliyekuwa nawakaba koo wasomi wa mtandaoni nilikaa mbele ya mjomba mikono mapajani, nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Nikarudi Chuno na hasira zangu nikazipeleka kwenye kompyuta. Niliuliza baraza zima: mnara wa simu unaua maua ya korosho, ndiyo au hapana?

Yakamwagika. Mmoja aliyejiita mtaalamu wa sayansi akasema wanakijiji wajinga hawastahili simu. Nikamuuliza kama amewahi kuona ua la mkorosho. Hakuwahi. Nikamwambia maua yanauliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, na dawa yake ni salfa, na mimi nimeivuta salfa hiyo kifuani maisha yangu yote. Kwa hiyo asinielimishe, ajibu swali. Akapotea. Mwingine, mhubiri, akasema minara ni alama za mwisho wa dunia. Nikamuuliza maneno yake hayo yamenifikiaje mimi Chuno, yameletwa na njiwa? Watu walicheka siku nzima. Akaja wa tatu, wa usalama huyo, akasema watu wa mpakani wasipewe simu maana watawasiliana na wageni wa ng'ambo. Huyo alinigusa. Mama yangu alizaliwa ng'ambo. Nikamwandikia kwamba mto ule kwetu ni njia ya kwendea harusini na mazikoni, na kwamba simu za Kitaya tayari zinashika mtandao wa Msumbiji. Usalama wake huo, nikasema, ndio unaomlazimisha dada yangu apande kichuguu amwite daktari wa Mtwara kupitia nchi ya watu.

Niliwashinda wote. Na mnara haukujengwa.

Palikuwepo mtu mmoja ambaye sikumshinda. Aliishi katika nchi moja ya baridi huko Ulaya, na kazi yake ilikuwa kupanda minara hiyohiyo na kufunga vyombo juu. Alisema chakula cha mchana anakila huko juu, na hajakauka yeye wala sandwichi yake. Tulibishana juma zima, kwa sababu aliniambia mimi mzee napoteza muda: "Unatushawishi sisi tulioshawishika. Nenda kamshawishi mjomba wako." Neno la kweli linauma kuliko tusi. Nilikuwa natafuta pa kumpiga, ndipo katika kueleza jambo lingine akaponyokwa na neno kwamba yeye ni Myao, mzaliwa wa Tunduru.

Nilicheka mpaka mama mwenye duka akageuka. Myao! Mtani wangu, nami nambembeleza kama mkwe! Kwa watu wa kusini nisieleze, lakini wapo wasomaji wa mbali: mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukupora kuku wako, hata kuzuia jeneza la babako lisitoke mpaka mmtulize, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Nikamwandikia papo hapo, kwa zile herufi zangu za magunia:

"MYAO WEWE. BABU YAKO ALIMUUZA BABU YANGU KWA DOTI MOJA YA KANIKI. LEO WEWE NDIYE WA KUNIFUNDISHA BUSARA?"

Nilienda nyumbani nimeshiba. Kesho yake nikakuta mlango umefungwa. Wasimamizi wa baraza walikuwa wamenifukuza kwa kueneza ukabila, na chini ya maneno yangu watu walikuwa wamejaza laana. Mtaalamu wa sayansi alikuwa wa kwanza. Sikuwa nimefikiri kwamba humo ndani wamo watu wa kila pembe wasiojua Mmakonde na Myao wanaishi vipi. Niliandika kama niko kilioni Kitaya, kumbe niko sokoni kwa walimwengu.

Nilikaa nje nikiwasoma tu, kama mtu anayechungulia ngoma kwenye ua. Siku ya pili Myao akatokea. Akawaandikia wasimamizi kwamba huyo mzee ni mtani wake halali na wamfungulie upesi, maana yeye hajajibu. Kisha akajibu: "Doti moja ilikuwa kubwa mno. Babu yangu aliingia kaburini akijuta kwamba alimpunja mnunuzi."

Wakanifungulia. Tangu siku hiyo hatukubishana tena, tulitukanana. Na katikati ya matusi nikamweleza habari ya mpwa wangu na mimba yake, na habari ya mjomba nisiyeweza kumkosoa. Siku kadhaa zikapita. Halafu akaandika kwamba anakuja likizo Tunduru, na kwamba yeye si mpwa wa mtu yeyote Kitaya.

Alikuja wakati mikorosho inachanua. Nilimpokea stendi ya Mtwara: mfupi, mpana, kavaa jaketi kwenye joto lile. Alinitazama akasema, "Kumbe babu yako kweli hakuwa wa doti nzima." Nikambebea begi.

Tulifika Kitaya Ijumaa, watu wamekaa barazani kwa mjomba baada ya swala. Mjomba aliposimama kuagana na mgeni mmoja, Myao alipita katikati ya wazee, akaketi kwenye kiti cha mjomba na kuinua kikombe chake cha tangawizi. Akanywa. Dada yangu, aliyekuwa mlangoni na binti yake mwenye tumbo kubwa, akajishika kichwa.

"Wewe ni nani?" mjomba akauliza.

"Mimi Myao, nimetoka Tunduru. Natafuta mtu wangu. Tulimuuza babu wa ukoo huu, akatoroka njiani akaja kujificha hapa kando ya mto. Tunamtafuta miaka yote hiyo. Tukipiga simu, Kitaya haishiki."

Kwanza alicheka mwanamke mmoja, kisha wote. Mjomba hakucheka. Alisogeza fimbo yake kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Basi umejua kwa nini siutaki mnara," alisema. "Mtatupata."

Hapo ndipo baraza lilipopasuka. Wazee walijifuta machozi kwa kanzu. Mimi nikajua mlango umefunguka, maana mjomba akishajibu utani hawezi tena kukasirika, ameshaingia uwanjani.

Myao aliwaacha wamalize, akaweka kikombe chini. Kuhusu maua alisema mtani haogopi kazi: yakikauka kwa sababu ya mnara, atakuja mwenyewe kuhudumia shamba lile bure msimu mzima. Kuhusu msikiti alisema chuma kisichoadhini hakiwezi kushindana na msikiti, tena mnazi wa nyuma ya msikiti ni mrefu kuliko paa na hakuna aliyeukata. Ilipofika zamu ya ndege, akainuka, akamrudishia mjomba kiti chake kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, ndege zile zilipokuja, hapa palikuwa na mnara?"

"Hapakuwa."

"Zikaja."

"Zikaja."

"Na mlipoumia, mlimwita nani?"

Mjomba akaketi. Alimtazama Myao, kisha akamtazama mpwa wangu pale mlangoni, na nadhani hakuwa amemtazama vizuri kwa miezi. Hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye angeweza kumuuliza swali lile akabaki na adabu yake. Mtani aliliuliza, na hewa haikuchafuka.

"Hatukumwita mtu," mjomba akasema. Halafu: "Wajenge. Lakini huyu Myao aache kuku wangu."

Myao aliondoka na kuku wawili.

Mnara ulisimama kabla mpwa wangu hajajifungua. Mikorosho ya mwinuko iliendelea kuchanua kama kawaida, na nilipulizia salfa mwenyewe ili asiwepo wa kusema. Mchana mmoja nilikuwa dukani kwa yule mama, nimo katikati ya sentensi namnyoosha bwana mmoja aliyedai sayansi na dini haziwezi kulala nyumba moja, simu yangu ikalia. Dada yangu. Sauti ilikuwa safi kama yuko kiti cha jirani.

"Kaka, yameanza."

Niliiacha sentensi ikiwa nusu. Nilipiga hospitali, gari likatoka, nikampigia dada tena kumwambia limetoka, akanipigia kuniambia limefika. Kabla ya magharibi mjukuu wetu wa kike alikuwa ameshalia wodini Mtwara, nami nimesimama koridoni nalia pia, na sioni aibu kuliandika hilo. Nimejenga nyumba, nimesomesha watoto sita, sijawahi kusikia sauti iliyonipa fahari kama ile.

Niliporudi kwenye kompyuta nikakuta yule bwana ametangaza kwamba mzee wa Chuno amekimbia hoja. Nikawaandikia wote kilichonikimbiza. Hata mhubiri alitoa hongera. Hata mtaalamu wa sayansi, kwa maneno machache, kama mtu anayemeza kidonge.

Mjomba naye alinunua simu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunipigia na kuniagiza niandike ujumbe wa kwenda nchi ya baridi, nisipunguze neno, nami nikaupiga chapa kama gunia la korosho:

"MTANI. MNARA WAKO UNANIZIBIA MWEZI WA RAMADHANI. NJOO UUSOGEZE. NA KUKU WANGU UJE NAO."