Sweta la Mtoto wa Nani?

Amisa hakuwa mtu wa kukaa. Tangu amzike bintiye Yasmine, aliyechukuliwa na surua kabla hajatembea, nyumba ilimkataa. Alipika mguu mmoja ukiwa mlangoni, na akipewa kiti husimama kabla hakijapata joto. Mumewe Hamadi, dereva wa malori ya kwenda Dilolo mpakani, alikuwa akirudi na kumkuta anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Ndipo yeye na wanawake wenzake wa mtaa, hapo Kolwezi, walipofungua duka la vitu vilivyotumika. Watu walileta bure masufuria, viti na nguo za watoto wachanga. Wao wakavitengeneza na kuviuza kwa bei nafuu. Siku ya kwanza Amisa alitundika pale sweta la manjano la Yasmine. Kuliacha sandukuni hakuweza, kulitupa hakuweza.

Masufuria yalikwenda. Nguo za watoto zilibaki. Akina mama walizishika, wakazinusa, wakauliza ni za mtoto wa nani. Amisa, aliyelelewa kwa Waislamu wanaojua kumsitiri mwenzao, alijibu kuwa ni za watu tu, kwani alidhani kumtaja aliyetoa ni kumwaibisha. Nao waliziweka chini upesi kama waliogusa jiko la mbabula lenye makaa. Amisa ni mwanamke mwenye akili zake, na bado hakuona sababu! Akazibeba kichwani, akazizungusha hadi njia ya mgodi wa Mashamba kwa wake za wachimbaji. Majirani wakamcheka: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenzake wakachoka, wakasema mvua ikianza wafunge. Amisa aliogopa kweli kweli. Duka likifungwa, angerudi kukaa nyumbani na lile sanduku.

Aliposikia kwamba duka kama lao huko Nzilo linajaa watu, hakungoja hata chai, akapanda pikipiki. Msimamizi wa duka hilo, Mama Kapinga, alimkaribisha kwenye benchi, Amisa akasimama. Akaingia mama mmoja mjamzito, akashika kofia ndogo, akauliza swali lile lile.

"Iko ya mutoto ya Mignonne," Kapinga akamjibu. "Ule kule, anafukuza kuku."

Yule mama akachungulia nje, akaona mtoto amenona, mashavu tele, akalipa papo hapo. Amisa akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe walichokuwa wakitafuta ni mtoto aliye hai. Nani amvike wake nguo ambayo mwenyewe huenda yuko kaburini?

Aliporudi aliwaomba ruhusa wote waliotoa nguo, na wengi walifurahi kutajwa. Nguo zikaanza kutoka, maneno ya kufunga yakaisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kapinga naye akaja Kolwezi kujifunza kwa Amisa kushona mikoba ya shule kwa maturubai makuukuu ya malori, maana Nzilo yalikuwa yakitupwa tu.

Siku hiyo duka lilikuwa limejaa. Jémima, binti wa mtaa ule ule mwenye mimba kubwa, akaenda moja kwa moja kwenye sweta la manjano.

"Ni ya mutoto ya nani, mama?"

Cherehani ya Kapinga ikanyamaza. Amisa alikuwa na majina ya watoto wazima tele mdomoni, na lolote lingetosha. Akisema kweli, wateja wangeweza kuliona duka zima ni la marehemu, na likafa mbele ya macho yake.

"Iko ya Yasmine, mutoto yangu," akasema. "Alikufaka."

Jémima akalirudisha sweta msumarini polepole, kwa mikono miwili. Kisha akageukia rundo, akachagua fulana, soksi na blanketi, akalipa. Hakuuliza hata moja ilikuwa ya nani; aliyesema kweli ya Yasmine hangemficha ya mwingine.

Amisa akaliondoa lile sweta msumarini. Akavuta benchi, akaketi nalo mapajani, na Kapinga ndiye aliyeinuka kuwahudumia wateja.