Matumbawe ya Ndugu Meneja

Watu nimewadharau wengi, kidogo kidogo, kama kila mtu anavyofanya. Niliyemdharau kwa moyo wote ni mmoja tu, naye alikuwa na bahari sebuleni mwake.

Alikuwa meneja wa kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba mjini Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ambayo ukisikia duka limepata chumvi unaacha chungu mekoni na kukimbia. Mimi nilikuwa mpima maji wa kiwanda. Kila asubuhi nilichota maji ya boila, nikayatia dawa za kubadili rangi, nikaandika kama yana chumvi au chokaa ya kuharibu mabomba. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo, na hakuna aliyenikumbuka isipokuwa siku boila ilipoanza kunguruma vibaya.

Meneja hakuwa mtu wa pwani hata kidogo. Kwao ni bara, kavu kama kwetu. Lakini alikwenda kusoma Ulaya, na huko akaalikwa katika nyumba yenye hodhi la kioo lililojaa samaki na matumbawe hai. Kuna waliorudi na elimu. Yeye alirudi na hodhi. Aliliweka sebuleni kwake Ibadakuli, urefu wa kitanda, pembeni ya dirisha ili matumbawe yapate jua, na pampu ndogo ikipuliza mapovu mchana kutwa. Maji ya bahari yalikuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam, ndani ya madumu.

Nilipomweleza mama yangu, mwanamke wa Kisukuma ambaye hakuwahi kuona maji makubwa kuliko lambo, aliendelea kwanza kupeta mtama.

"Maji ya chumvi yanapanda ndege?"

"Ndiyo, mayu."

"Na chumvi yenyewe?"

"Haijafika."

Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Basi matumbawe yakaanza kuumwa. Habari hiyo ilitufikia kiwandani kwa njia mbaya, kwa sababu meneja alimfukuza mpishi wake. Mpishi alikuwa mzee wa watu kutoka Ushetu, aliyepika katika nyumba ile miaka sita, mtu wa maneno machache, kanzu yake safi daima. Kosa lake, alivyotangaza meneja mbele ya makarani, ni kwamba aliosha ndoo ya hodhi kwa sabuni, na sabuni ikaua matumbawe.

Nilisimama pale nikiwa na chupa zangu mkononi. Sabuni. Mwaka ule mke wa mhasibu alikuwa anafulia majivu. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi vipande vinne na kufungwa kwenye kitambaa kama hirizi. Na huyu bwana msomi aliamini kwamba mtu mwenye watoto saba angepata sabuni akaimalizia kwenye ndoo ya samaki. Nilirudi kwenye boila. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilihitaji kazi.

Jumamosi iliyofuata aliniita ofisini.

"Binti, wewe si unapima maji?"

"Ya boila, Ndugu Meneja."

"Maji ni maji. Njoo nyumbani na vifaa vyako. Matumbawe yangu yanakufa."

Nilikwenda na sanduku langu la chupa. Mke wake alinipokea mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, pita." Alikuwa mwanamke mpole mwenye macho yaliyochoka, na baadaye nilijua kwamba tangu mpishi aondoke, yeye ndiye aliyekuwa akilaumiwa kwa kila kilichotokea ndani ya kile kioo.

Sebuleni nilimkuta daktari wa mifugo, rafiki wa meneja, amekaa kwenye kochi na glasi ya maji ya machungwa. Huyu alijua ng'ombe, na kujua ng'ombe si jambo dogo Usukumani. Lakini aliona haya kusema kuna kiumbe asichokijua.

"Ni joto," alisema kabla sijafungua sanduku. "Hii ni mimea ya maji ya baridi."

"Si mawe?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Ni mawe yenye asili ya mimea," alisema daktari, akanywa.

Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kimoja tu cha viumbe, lakini kilitosha kunijulisha kwamba tumbawe ni mnyama, tena maelfu ya wanyama wadogo wanaoishi pamoja, kila mmoja na kinywa chake. Nilipiga magoti mbele ya kioo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona matumbawe kwa macho. Kulikuwa na matumbawe saba. Mawili yalikuwa meupe kama mfupa uliolambwa na mbwa, na ukoga wa kijani umeanza kuyafunika. Hayo yalikuwa maiti. Matano yalikuwa yamejikunja, ngozi yao imesinyaa na kupauka, ute unaning'inia kama kamasi. Nilitaka kuendelea kucheka moyoni, nikashindwa. Kitu kinachoumwa kinajulikana, hata kama hujawahi kukiona kikiwa kizima.

Samaki, hata hivyo, walikuwa wazima. Waliogelea wanene na wa bluu, wakinitazama.

Nilipima chumvi kwanza. Kipimo cha kuelea kilisimama juu mno, kama kinataka kuruka nje.

"Maji yakipungua kwa joto, mnaongeza nini?" niliuliza.

"Maji ya bahari, bila shaka," alisema meneja. "Unataka niongeze maji ya kisima kwenye bahari?"

"Maji yanapanda hewani, Ndugu Meneja, lakini chumvi inabaki. Ukiongeza ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mnatakiwa kuongeza maji yaliyokenekwa, ya mvuke uliopozwa, yasiyo na kitu."

Alimtazama daktari. Daktari alitazama glasi yake.

Hilo lilieleza kusinyaa, lakini halikueleza vifo. Ndipo nilipoona konokono. Walilala chini kwenye mchanga, zaidi ya kumi, wote wamekufa, vifuniko vyao vimelegea. Samaki wazima, konokono wamekufa. Kila mtoto aliyekulia karibu na lambo anajua kitu kinachofanya hivyo. Watu wa afya walikuja kwetu wakati nikiwa shule ya msingi, wakamwaga mrututu majini ili kuua konokono wa kichocho, yale mawe ya bluu ambayo watu wa mifugo pia huyatumia kuoshea kwato za ng'ombe. Na mrututu ni shaba.

Shaba nilikuwa na dawa yake, kwa sababu ya mabomba ya boila. Nilichota maji kidogo, nikatia matone, nikasubiri. Kama hakuna shaba maji hubaki meupe. Haya yaligeuka rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.

"Humu mmetia dawa gani?" niliuliza.

Daktari aliweka glasi mezani. Pampu iliendelea kubwabwaja. Mwishowe mama mwenye nyumba alisema taratibu, bila kumtazama mumewe, "Samaki walitoka madoa meupe. Daktari alileta chupa ya bluu. Baba alitia mwenyewe, siku tatu mfululizo."

"Kidogo tu," alisema daktari.

"Na madoa yalipona," alisema meneja.

"Madoa yalipona," nilisema. "Matumbawe hayawezi kuvumilia shaba, hata kidogo. Wala konokono. Hakuna sabuni humu."

Nilisema neno sabuni polepole, ili lifike. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilingoja aseme jina la mpishi. Alisema, "Kwa hiyo tunafanya nini?"

Nilimweleza. Matumbawe yatolewe mara moja, yawekwe kwenye mabeseni ya plastiki yenye maji ya madumu ambayo hayajaguswa, pamoja na maji yangu yaliyokenekwa mpaka chumvi ishuke kidogo kidogo. Mchanga wote utupwe, kwa sababu umenywa shaba. Hodhi lisuguliwe kwa maji matupu, samaki wakikaa kwenye beseni lao. Maji ya mabeseni yabadilishwe sehemu kila asubuhi, kwa majuma kadhaa.

"Utakuja kila asubuhi," alisema.

"Asubuhi niko kwenye boila, Ndugu Meneja. Anatakiwa mtu mwenye mkono mtulivu, anayejua ndoo ipi ni ya nini. Nyumba hii ilikuwa naye."

Mama mwenye nyumba aliinuka na kwenda jikoni. Nilisikia akifungua bomba, lakini sikusikia akiosha kitu.

Meneja alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Mpishi alifuatwa kwa shangazi yake Kahama na akarudi baada ya siku nne. Hakuombwa radhi. Meneja alimwambia tu, "Kuna kazi ya matumbawe, huyu binti atakuelekeza," kisha akaingia chumbani. Nilimwamkia mzee na kumwambia nimefurahi amerudi.

"Nimerudi kwa ajili ya mama na hivi viumbe," alisema. "Yule ndani, acha akae na vitabu vyake."

Tulifanya kazi pamoja kila jioni nilipotoka kiwandani. Nilikata sehemu zilizokufa kwa koleo la fundi umeme, na mzee alishikilia shina chini ya maji kama anavyoshikwa mtoto anayepakwa dawa ya macho. Ngozi ya tumbawe ilinata kwenye vidole vyangu na kunuka harufu ambayo sikuijua, na mzee akasema hata yeye haijui. Tumbawe moja kati ya yale matano lilikufa siku ya tatu. Tulilitoa, tukabadilisha maji. Nilishangaa jinsi nilivyoumia, mimi niliyekuja kucheka.

Katika juma la tatu, mzee alinipokea getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Njoo uone," alisema. Kwenye beseni la kwanza, tumbawe moja la rangi ya kaki lilikuwa limefunguka. Vinywa vyake vyote vilikuwa vimetoka, vidogo kama punje za uwele, kila kimoja na nywele zake, vikipepea. Mama mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa pembeni, kanga imelowa, analia bila kujifuta. Sidhani alikuwa akililia tumbawe.

Manne yalipona, yakarudi kwenye hodhi. Mwezi uliofuata meneja alialika wageni wa ofisi ya mkoa, nami nikaitwa nilete maji yaliyokenekwa. Nilimsikia kutoka mlangoni akiwaeleza jinsi alivyogundua, kwa kuwatazama konokono, kwamba kulikuwa na shaba. Daktari wa mifugo alikuwa karibu naye akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Jambo muhimu," alisema meneja, "ni kuchunguza." Mzee alipita katikati yao na sinia la sambusa, uso wake kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Niliacha dumu langu mlangoni nikaondoka.

Mwaka uliofuata meneja alipandishwa cheo na kuhamishwa. Watu wa namna yake hawashuki. Alitaka hodhi limwagwe, maana huko aendako kulikuwa na nyumba ndogo. Mkewe alikataa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake ikipanda. Alitafuta nafasi kwenye ndege ya Dar es Salaam, na mzee akabeba matumbawe manne kwenye ndoo yenye mfuniko hadi uwanjani, akaikabidhi kwa dada mhudumu wa ndege pamoja na maelekezo aliyoyarudia mara tatu. Ndugu wa mama yule aliyatia baharini, upande wa Kunduchi.

Kama yaliishi sijui. Mzee alirudi Ushetu kulima tumbaku. Mimi nilibaki na boila, miaka tisa zaidi, na katika miaka hiyo hakuna meneja mwingine aliyeniuliza swali lolote ambalo jibu lake alikusudia kulisikiliza.